Walioshikwa na Unga na Dawa Wapewayo Hospitali: Je, ni Ulevi au ni Tiba?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hakuumba ugonjwa ila aliuumbia na dawa yake, akaijua aijuaye na akaikosa aikosaye. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, nimeulizwa mara nyingi na wazee wa mji, wake kwa waume, khabari ya dawa iitwayo methadoni, na katika kuulizana huko nimesikia maneno mengi yasemwayo misikitini na barazani bila ya ilimu. Suala lenyewe ni hili. Kijana wa Kiislamu ameshikwa na unga, kisha akapelekwa hospitali, akawa kila siku anywa kikombe cha methadoni mbele ya mwuguzi; na methadoni hiyo ni ya jamaa moja na afyuni, yaani kasumba, na huo unga nao watokana na kasumba. Je, kijana huyo ameacha haramu, au amebadili haramu kwa haramu? Na mzazi ampelekaye, yumo katika thawabu au yumo katika dhambi?

Kabla ya kujibu yanipasa niseme jambo ambalo nafsi haipendi kulisema. Suala hili nililijibu zamani kidogo, na nililijibu vibaya.

Alinijia mzee mmoja baada ya sala ya Ishaa, akakaa nami barazani pa madrasa. Mwanawe alisoma kwangu tangu alifu kwa kijiti hata akakhitimu, na sauti yake katika kusoma ilikuwa nzuri. Alipobaleghe aliingia katika unga, akauza vyombo vya mamake, akauza hata msahafu wa babu yake. Usiku ule mzee aliniambia kuwa kijana ana miezi minne anywa dawa ya hospitali, amerudi kwenye cherehani, ashona, ala na wenziwe, alala usiku. Akaniuliza: "Sheikh, mwanangu amepona, au bado ni mlevi?" Nami sikumwuliza daktari, wala sikufungua kitabu. Nilimwambia kuwa kinywewacho badala ya ulevi ni ulevi, amtoe, amfungie nyumbani, amsomee.

Mzee alinitii. Alimfungia chumbani siku arubaini, akasomewa, akanyweshwa kombe. Kijana alipatwa na yale maumivu waliyoyaita wenyewe arosto: mifupa yamuuma, atapika, aharisha, atetemeka kwa baridi hali ya kuwa jua lawaka. Akasubiri. Siku ya arubaini alitoka amenenepa, nasi tukamshukuru Mola wetu. Hazikupita siku kumi akakutwa nyuma ya ukuta, sindano i mkononi, amekwisha kufa. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Baadaye daktari mmoja Muislamu alinieleza lililotokea. Mwili uliozoea unga huuvumilia kwa kipimo kikubwa; ukipumzishwa, uvumilivu ule huondoka, lakini matamanio hayaondoki. Basi kijana alipopata upenyo alijidunga kile kipimo chake cha zamani, na mwili wake haukuwa tena ule wa zamani, pumzi ikakatika. Akaniambia kuwa hatari ya kufa haizidi popote kama inavyozidi katika siku za kwanza baada ya kutoka kifungoni, kiwe kifungo cha jela au cha nyumbani. Sisemi kuwa jawabu langu ndilo lililomwua, kwani ajali ina muda wake. Walakini najua kuwa nitaulizwa juu ya jawabu lile, na mzee yule hakupata kuniuliza neno jingine tena.

Tangu hapo nimerudi vitabuni, na nimekwenda hospitali kuona kwa mato yangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Unga huu wauitao heroini umo katika pwani yetu tangu miaka ya 1980. Waja kwa majahazi kutoka upande wa Makrani, na chanzo chake kikubwa kilikuwa mashamba ya Afghanistan. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ililishika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya, likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Hilo ni moja lililoonekana. Nguvu ya unga hudumu saa chache tu, kisha arosto huanza. Kwa hivyo aliyeshikwa hana saa ya ibada wala saa ya kazi, mchana kutwa yu katika kutafuta cha kununulia kipimo kingine. Na wajidungao kwa sindano moja, mkono kwa mkono, wameambukizana ukimwi na ugonjwa wa ini.

Methadoni ni dawa iliyotengenezwa kwanza Ujerumani katika miaka ya 1930, ikiwa dawa ya kutuliza maumivu. Katika miaka ya 1960, huko New York, madaktari wawili, Vincent Dole na Marie Nyswander, ndio walioonyesha kuwa aliyeshikwa na heroini akipewa dawa hii kwa kipimo kisichobadilika hutulia, hurudi katika kazi na watu wake. Mwaka 2005 Shirika la Afya la Ulimwengu liliitia katika orodha ya dawa za lazima, pamoja na nduguye iitwayo buprinofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi. Kwetu ilianza Dar es Salaam, katika hospitali ya Muhimbili, mwezi wa Februari 2011. Ikafika Nairobi katika hospitali ya Mathari mwisho wa mwaka 2014. Na mwaka 2015 ikafika Malindi, na Kisauni hapa Mombasa, na Unguja katika hospitali ya Kidongo Chekundu.

Na namna ifanyavyo kazi ndiyo kiini cha suala letu, basi msomaji aishike vyema. Heroini hupanda kichwani kwa ghafula, humlevya mtu, kisha hushuka kwa ghafula, humtesa. Methadoni ikinywewa hupanda polepole, hukaa mwilini muda wa siku nzima au zaidi, na hushuka polepole. Aliyekwisha zoea kipimo chake hasikii kulewa wala hasikii arosto. Tena methadoni hukaa katika pale mahali mwilini ambapo heroini ingekaa, hata akijidunga unga juu yake haoni raha aliyoitafuta. Nimekaa na vijana saa mbili baada ya kunywa vikombe vyao. Nimewauliza hesabu, nimewauliza mirathi, nimewasomesha aya wakaifuata. Akili zao wanazo. Na waliochunguza jambo hili katika nchi nyingi, katika uchunguzi uliokusanywa mwaka 2017 wa watu zaidi ya 100,000, waliona kuwa vifo vya walio ndani ya dawa ya methadoni ni kama thuluthi tu ya vifo vya walioiacha.

Sasa tuje katika sharia. Wapingao wana hoja mbili, na zote mbili ni nzito. Si vyema kuzidharau.

Hoja ya kwanza ni hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, ya sahaba aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya pombe aitengenezayo kwa ajili ya dawa, naye akamjibu kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Wasema: methadoni nayo ni hivyo hivyo. Jawabu ni kuwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameitia hadithi hii katika pombe, nao wamepambanua baina ya pombe, ambayo ni najisi na ni kiowevu chenye kulevya kwa asili yake, na vitu vikavu mfano wa afyuni na mmea uitwao kwa Kiarabu banji (nao si hii bangi yetu). Hivi si najisi. Kilicho haramu ndani yake ni kile kiasi kinachoharibu akili bila ya haja ya sharia. Ama kwa haja ya tiba wameruhusu, hata Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra) ametaja kuwa mtu ambaye mkono wake umeoza na wahitaji kukatwa, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa apewe kitu kitakachomwondolea akili yake kwa muda, kisichokuwa pombe, ili asisikie maumivu. Basi ikiwa yafaa kuiondoa akili yote kwa sababu ya kuokoa mwili, itakuwaje haramu dawa ambayo hairuki na akili, bali yairudisha akili iliyokwisha potea?

Hoja ya pili ni kuwa dawa haina mwisho: mtu huinywa mwaka, miaka mitatu, miaka kumi. Wasema hiyo ni utumwa, si tiba.

Hapa namwomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu ndipo nilipokuta kile ambacho ningelikijua zamani nisingalimjibu yule mzee vile nilivyomjibu. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyeishi Makka katika karne ya kumi ya Hijra, naye ndiye mtungaji wa Tuhfa ambayo masheikh wetu wa pwani na wa Hadhramaut hutolea fatwa, aliulizwa suala hili kwa dhati yake. Aliulizwa juu ya mtu aliyetiwa katika mtihani wa kula afyuni hata amekuwa asipokula ataangamia. Akajibu kuwa ikiwa yajulikana kwa yakini kuwa ataangamia, ni halali kwake kula, bali ni wajibu, kwa ajili ya kuihifadhi roho yake, kama mwenye dharura alavyo mfu. Kisha akamwajibisha aipunguze kidogo kidogo, mpaka tumbo lizoee pasi na kuhisi. Na akiacha kupunguza, hapo atakuwa mwenye dhambi. Na wanazuoni wa Kihanafi waliinakili fatwa hii wakaikubali.

Basi huyu ni mfakihi wa karne ya kumi, hana hospitali wala mwuguzi, naye amekwisha kuona kuwa aliyeshikwa si sawa na mlevi mwenye khiari yake, na kuwa njia ya kumtoa ni daraja kwa daraja. Nasi katika zama zetu, tulio na madaktari, twafunga watu kwa minyororo.

Atasema msemaji: Ibn Hajar ameshurutisha yakini ya kuangamia, na madaktari wasema kuwa arosto ya unga, kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi haiui. Ni kweli, na hilo nami lilinishughulisha siku nyingi. Walakini hebu tutazame mauti yako wapi. Hayako katika yale maumivu. Yako katika kurudi. Na kurudi kwa aliyekatishwa kwa ghafula ndiko kwingi, kutorudi ni kuchache. Mafakihi hawakutaka yakini ya jua katika mambo ya mwili. Wametosheka na dhana iliyo na nguvu, kama alivyoruhusiwa mgonjwa kutayamamu kwa neno la tabibu muadilifu asemaye kuwa maji yatamdhuru. Juu ya hayo, sisi hatuhitaji kufika katika dharura ya kula mfu. Ibn Hajar aliulizwa juu ya afyuni ile ile iliyomtia mtu ugonjwani, ailayo mwenyewe kwa mkono wake. Methadoni ni kitu kipimwacho, hutolewa na aijuaye, haimlevyi aliyeizoea. Kwa hiyo haja ya tiba yatosha kuihalalisha.

Ama kule kupunguza alikokuwajibisha, mimi naona kuwa kumebaki pale pale, lakini kipimo cha haraka na polepole ki katika mikono ya wenye ilimu yake. Yeye mwenyewe amesema mpaka mwili usihisi. Upunguzaji umrudishao mtu kwenye sindano sio aliouamrisha. Wako wapunguziwao wakatoka katika miaka miwili au mitatu. Na wako ambao mwili wao hauwezi, na hao ni kama mgonjwa wa sukari na sindano yake ya insulini, ambaye hatujamsikia mtu akimwita mtumwa. Lililo juu ya mgonjwa ni nia ya kweli ya kuacha unga, na kumtii tabibu. Aliye ndani ya dawa hali akinywa pombe, au ameza vidonge vya usingizi, au auza kipimo chake, huyo amejiingiza katika dhambi na katika khatari pia, kwani methadoni pamoja na vitu hivyo huikata pumzi. Na apewaye kipimo cha kwenda nacho nyumbani akifungie mbali na watoto. Tama moja la kipimo cha mtu mzima laweza kumwua mtoto.

Kwa mwanamke mwenye mimba ni muhimu zaidi asikatishwe dawa kwa ghafula, kwani kukatisha huko humdhuru aliye tumboni. Wanawake walioshikwa ni wengi kuliko tuwaonao, haya ndiyo iliyowaficha.

Sasa, wapi ataipata? Swali hili wazazi huliona dogo, nalo ndilo limeangamiza wengi. Mtu haendi siku moja akapewa kikombe. Mara nyingi njia huanzia kwa watu wa vyama vinavyozunguka maskani, ambao humjua kijana kwa jina, humwandikisha, kisha humpeleka hospitali. Huko hupimwa mkojo na damu, huulizwa khabari zake, na hutia sahihi kuwa ataka kwa khiari yake. Siku za kwanza hupewa kidogo, miligramu 30 au pungufu, kisha huongezwa polepole. Wengi hutulia baina ya 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana, kwani hajatulia bado, ataka kuongeza unga juu yake, na hapo ndipo khatari ilipo. Kisha ni kila siku, Ijumaa na Idi hazitoki. Akikosa siku kadhaa mfululizo, huanzishwa tena kutoka chini.

Dawa yenyewe katika hospitali hizo za serikali hutolewa bure, lakini nauli si bure. Nimewakuta vijana watokao ng'ambo ya mji kwa miguu, na nimewakuta walioacha kwa sababu ya nauli tu. Kijana fakiri wa namna hii astahiki zaka kwa ufakiri wake. Na ikiwa yakhofiwa kuwa akipewa fedha mkononi atazipeleka maskani, basi apokee walii wake kwa ajili yake. Twakusanya fedha za kupaka msikiti rangi kila mwaka, nami simo katika wakatazao, lakini rangi ya mwaka jana haijapauka.

Na jambo jingine. Msikiti mmoja nijuao ulimfukuza katika safu kijana aliyekuja kusali akitoka kunywa dawa, wakamwita teja mbele ya watu. Hebu na wamkumbuke yule sahaba aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), naye akinywa, akiletwa akichapwa, akiletwa tena akichapwa. Mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Khabari hii imo katika Bukhari. Yule alikuwa angali akinywa. Huyu wetu yumo katika kuacha.

Limebaki suala la Ramadhani, nalo ndilo niulizwalo zaidi kila ufikapo Shaabani. Kumeza methadoni mchana hufungulisha, hapana shaka, na buprinofini vile vile, kwani huyeyuka ikamezwa na mate. Walakini dawa hii hudumu siku nzima, kwa hivyo mgonjwa na daktari wake wazungumze mapema, kabla ya mwezi, ili kipimo kihamishiwe usiku kwa taratibu. Hospitali ikiwa haifunguliwi usiku, na mahali pengine waliotulia hupewa cha kwenda nacho, basi apewe hicho. Isipowezekana kabisa, na kukosa kwake kutamtia ugonjwani au kumrudisha kwenye unga, hukumu yake ni hukumu ya mgonjwa: atakunywa mchana, naye atalipa siku hizo zitakapomwezekania, na ikiwa matabibu wamekata tamaa kuwa hatoweza tena, atatoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Asiache dawa ili afunge. Aliyeacha akafunga siku tatu, kisha ya nne akaamkia sindano, hakuipata funga wala hakuipata afya.

Mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani ana mwaka wa pili ndani ya dawa, na Ramadhani iliyopita alipewa cha kunywa usiku. Aliniuliza kama yafaa awasalishe ndugu zake tarawehe nyumbani hali ya kuwa amekunywa kikombe chake baada ya kufuturu. Nilimwuliza kama asikia uzito wa kichwa au kusinzia katika sala. Akasema hasikii. Nikamwambia yafaa, awasalishe, na asome kwa sauti.

Wallahu aalam.